Uwanja wa Kuka

Katika kijiji kimoja cha Shinyalu, Kaunti ya Kakamega, kuna kipande cha ardhi ambacho kwa takribani miaka sabini hakikuota nyasi. Udongo wake haukuwa na kasoro. Pande zake zote mahindi yalistawi, migomba ikatanda vivuli, na mvua zinazotoka upande wa msitu wa Kakamega hazikukinyima kitu. Nyasi hazikuota kwa sababu hazikupewa nafasi. Kila Jumamosi alasiri, na karibu kila siku ya likizo za shule, nyayo za watoto zilikiponda kipande hicho hadi kikawa kigumu mithili ya sakafu ya saruji. Leo hapo pamepandwa viazi vitamu. Mgeni apitaye njia akielekea soko la Khayega hawezi kujua kwamba anapita kando ya chuo.

Wenyeji wenyewe hawakuwahi kukiita chuo. Hakikuwa na kibao langoni, wala daftari la majina, wala cheti cha kuhitimu. Watu walipaita Uwanja wa Kuka, na Kuka ndilo neno wanalomwitia babu. Kilichofundishwa hapo ni isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, ambayo jina lake limetokana na zile ngoma tatu zinazopigwa pamoja: kubwa, ya kati na ndogo. Huandamana na pembe ya swara na vyuma vya kutikiswa. Kiongozi mmoja huanzisha wimbo, nao wachezaji, wanaume safu yao na wanawake safu yao, huupokea kwa sauti, kwa miguu na kwa mabega. Huchezwa mtoto azaliwapo, vijana watokapo jandoni, bibi harusi aletwapo na mzee azikwapo. Alfajiri ya siku ya kupiganisha mafahali, isukuti ndiyo imsindikizayo fahali hadi kiwanjani. Ni machache mno mambo makubwa katika maisha ya watu hao yaliyoanza au kumalizika pasi na ngoma hizo.

Mjukuu ambaye kumbukumbu hizi ni zake aliingizwa safuni mwaka 1991, akiwa na umri wa miaka sita. Alikuwa amezisikia ngoma hizo kabla hajajua kutembea, kwani nyumba ya wazazi wake ilikuwa hatua hamsini tu kutoka uwanjani. Hata hivyo, kusikia ni jambo moja na kuitwa ni jingine. Siku aliyoitwa, alioga mara mbili, akavaa rinda lake la Krismasi, akaenda mbio. Kuka alimtazama, akatabasamu, akampa ufagio.

Somo la kwanza pale uwanjani lilikuwa la kufagia. Kila mwanafunzi mpya alifagia kwa mwezi mzima, tena alifagia wenzake wakicheza pembeni, ili masikio yake yafanye kazi mikono ikiwa na kazi nyingine. Baada ya hapo alipiga makofi kwa mwezi mwingine. Mwezi wa tatu ndipo aliporuhusiwa kuinua mguu. Wazazi waliokuwa na haraka walilalamika, Kuka akawajibu kwa upole kwamba mahindi nayo hukaa ardhini siku kadhaa pasi na mtu kuyaona.

Uwanja huo haukuanzishwa na Kuka. Ulianzishwa na baba yake katika miaka ya 1930, wakati dhahabu ilipogunduliwa Kakamega na wachimbaji wa kila kabila wakamiminika huko. Mzee huyo alikuwa kibarua migodini. Jioni za mwisho wa wiki wachimbaji walikusanyika kila kundi na ngoma zake, na inasimuliwa katika ukoo kwamba aliona haya kugundua kuwa vijana wa kwao walioshika ngoma walikuwa wakipiga ovyoovyo. Aliporudi nyumbani alikata mringaringa, akachonga ngoma tatu, akaanza kuwafundisha wanawe na watoto wa majirani. Nyakati hizo zilikuwa ngumu. Wamisionari wa Quaker walikuwa wamefika Kaimosi tangu mwaka 1902, Wakatoliki nao walikuwa wamejenga Mukumu, na kwa waumini wengi wa siku zile ngoma ilikuwa kitu cha giza ambacho mtu aliyebatizwa alipaswa kukiacha. Mwanzilishi wa uwanja alikuwa amebatizwa, naye hakuiacha. Alitengwa na wenzake kanisani, akawa anasikiliza ibada akiwa nje, chini ya dirisha.

Kuka alipenda sana kusimulia jinsi kisa hicho kilivyoishia. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya mwaka 1962 na 1965, lugha za kienyeji na ngoma zilianza kukaribishwa katika ibada za Kikatoliki. Siku moja katekista mzee, mmojawapo wa wale waliokuwa wakihimiza ngoma zitupwe, alikuja bomani kuomba wapigaji wa misa ya Pasaka. Baba yake Kuka, ambaye wakati huo alikuwa mkongwe, alikubali kwa sharti moja tu: katekista mwenyewe aubebe ule mkubwa wa ngoma tatu kutoka bomani hadi kanisani. Kila Kuka alipofika hapo aliigiza mwendo wa katekista chini ya mzigo ule, na watoto walicheka hadi machozi yakawatoka, ijapokuwa walikuwa wamekwisha kukisikia kisa hicho mara ishirini.

Karo haikuwa pesa. Mtoto alileta mzigo wa kuni, au mtungi wa maji, au alipalilia mistari miwili ya mahindi. Aliyetimiza miaka yake na kukubaliwa kucheza hadharani alileta jogoo. Kwa upande wa chakula, mamlaka yote yalikuwa ya Kukhu, yaani nyanya. Mazoezi yakiisha, Kukhu alitoa mushenye, viazi vitamu na maharagwe yaliyopondwa pamoja, akagawa kwa mkono kwenye majani ya mgomba. Hakuna aliyepewa kidogo kwa sababu amecheza vibaya. Kukhu ndiye pia aliyesimamia safu ya wanawake. Yeye hakufagilisha mtu. Alikaa juu ya kigoda, akaimba, na msichana aliyekosea mabega aliguswa begani kwa kijiti cha mfagio, mguso mwepesi kama wa inzi. Mjukuu husema hadi leo kwamba begani pake pana mahali panapojua kukosea kabla yake.

Na alikuwako mvulana mmoja, mtoto wa jirani, ambaye hakujaliwa kabisa kwenda na mapigo. Wenzake walipokwenda kulia yeye alikwenda kushoto, na makofi yake yalidondoka baada ya wimbo kwisha. Wengine walimtaka Kuka amfukuze. Kuka alimtazama wiki nzima, kisha akaingia ndani, akatoka na pembe ya swara, akampa. Pembe ile ilihitaji pumzi zaidi kuliko hesabu. Mvulana aliipuliza hadi mishipa ya shingo ikamtoka, na ng'ombe wa upande wa pili wa mto wakainua vichwa. Baadaye akawa mpulizaji aliyetafutwa kila palipokuwa na mafahali ya kupiganisha. Wale waliotaka afukuzwe walimlipia nauli.

Ila kilichowashangaza wageni zaidi katika uwanja huo ni jinsi Kuka alivyofundisha ngoma zenyewe. Hakumpa mwanafunzi ngoma mpaka aweze kuisema. Kila ngoma ilikuwa na maneno yake ya mdomo. Ndogo ilisema tiki-tiki, haraka, bila kupumzika. Ya kati ilisema kuti-kuti, ikijibu. Kubwa ilisema ndu, halafu ikanyamaza, halafu ikasema tena pale ambapo msikilizaji alikwisha kukata tamaa. Wavulana walikaa duara, wakazisema zote tatu kwa zamu, wakabadilishana, wakakosana, wakaanza upya. Kuka alifumba macho akasikiliza. Mpiga ngoma ambaye hakuweza kuzisema ngoma za wenzake, alisema, atapiga yake peke yake, na isukuti haipigwi na mtu mmoja. Aliitukuza hasa ile ya kati. Watu husifu kubwa kwa sauti yake na ndogo kwa kasi yake. Ya kati haisifiwi na mtu, lakini ikinyamaza, zile mbili hazijui tena kuwa zinazungumza pamoja.

Wavulana walikaa duara, wasichana hawakukaa. Katika boma lile mwanamke hakupiga ngoma. Aliimba, alicheza, alishangilia, alitikisa vyuma, lakini ngozi hakuigusa. Mjukuu alikuwa akifagia kando ya duara lile siku zake za kwanza, na masikio yake, kama alivyokusudia Kuka, yalikuwa kazini. Kabla ya kufika darasa la nne alizijua ngoma zote tatu kwa mdomo. Mtoni, alipokwenda kuteka maji, alizipiga kwenye mtungi wa plastiki ulioinamishwa juu ya jiwe, mkono mmoja ukisema tiki-tiki na mwingine kuti-kuti, ndu akiisema kwa kisigino.

Siku moja alipoinua macho alimwona Kuka amesimama ng'ambo ya mto, fimbo mkononi. Hakujua alikuwa amesimama hapo kwa muda gani. Alingoja fimbo ile ivuke mto. Haikuvuka. Mzee alimtazama kwa namna ambayo mtoto hakuielewa, akasema, "Mjukuu wangu, laiti mkono huo ungekuwa wa..." Hakuimaliza sentensi hiyo. Aligeuka akaenda zake. Mjukuu alijaza maji, akajitwika, akapanda kilima, na tangu siku hiyo sentensi hiyo isiyomalizika ikakaa ndani yake kama mwiba uliovunjikia nyayoni: hauzuii kutembea, lakini hausahauliki.

Alipokuwa kidato cha pili alipata ujasiri wa kumwuliza sababu. Kuka hakukasirika. Alimweleza kwamba ngoma ni mali ya boma, na mtoto wa kike ni mgeni wa heshima bomani. Ataolewa, atakwenda, na akienda na ngoma mikononi mwake, ngoma itakuwa ya watu wengine. Alisema hayo bila dharau, kama mtu anayeeleza kwa nini mto hutelemka. Mjukuu alinyamaza. Alikuwa na hoja nyingi, lakini hakuwa na desturi ya kumwonyesha babu yake hoja zote alizokuwa nazo.

Wakati huo uwanja ulikuwa umeanza kupungukiwa na watoto. Wahenga walisema kwamba mwacha mila ni mtumwa, na methali hiyo hurudiwa sana na watu wanaowalaumu vijana. Hata hivyo, anayeyajua ya Uwanja wa Kuka atasita kuirudia. Hakuna siku ambayo watoto waliamua kuiacha isukuti. Kwa miaka mingi shule za msingi za jirani zilikuwa zikiwaleta wanafunzi kwa Kuka kabla ya Tamasha za Muziki za Kenya, tamasha zilizoanza tangu mwaka 1927, na pia kwa sababu muziki ulikuwa ukitahiniwa katika KCPE. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtaala ulipopunguzwa, muziki ukaacha kutahiniwa, na alasiri za Jumamosi zikajazwa masomo ya ziada ya hesabu na sayansi. Mzazi maskini hakuwa na ubishi na jambo hilo. Alitaka mwanawe afaulu. Ami yake mjukuu, ambaye ndiye angepaswa kuurithi uwanja, aliokoka katika kanisa ambalo halikuzipenda ngoma, naye akawa haji tena uwanjani hata kuketi. Binamu waliokuwa mahiri walikwenda Nairobi na Eldoret kutafuta riziki. Ngozi nazo zikawa taabu. Ngoma za Kuka ziliwambwa kwa ngozi ya kenge, na uwindaji ulikuwa umepigwa marufuku nchini tangu mwaka 1977; zilizokuwapo zilipochakaa, mzee alizipaka mafuta na kuzianika kwa uangalifu wa mtu anayemwuguza mgonjwa, kwani ngozi ya mbuzi, kwa sikio lake, ilisema maneno hayohayo kwa lafudhi ya kigeni. Basi, uwanja haukuachwa kwa siku moja. Ulipungua mtoto mmoja mmoja, kila mmoja akiwa na sababu nzuri.

Mjukuu naye alikuwa miongoni mwa waliokwenda, na sababu yake pia ilikuwa nzuri. Alisoma chuo kikuu, akahitimu kuwa mwalimu wa Kiswahili. Alipoketi katika mihadhara ya fasihi simulizi na kuambiwa kwamba hadhira ya sanaa hiyo si ya kutazama tu, bali hushiriki, hujibu na huweza kugeuka kuwa fanani, wenzake waliandika haraka. Yeye aliiweka kalamu chini. Alikuwa amekumbuka duara la wavulana, na msichana aliyeshika ufagio kando yake.

Mwaka 2010, akifundisha katika shule ya upili huko Trans Nzoia, alikabidhiwa jukumu la kuandaa ngoma ya kiasili kwa ajili ya tamasha za muziki. Alichagua isukuti pasi na kufikiri mara mbili, kisha akagundua kwamba alikuwa na nyimbo, alikuwa na miguu na mabega, lakini hakuwa na mtu wa kuwafundisha wavulana ngoma. Likizo ya Aprili ilipofika, alipanda gari hadi Shinyalu. Kuka wakati huo alikuwa amepita miaka themanini, na alishinda kutwa kwenye kiti cha kamba chini ya mwembe, akiutazama uwanja wake ambao kwa mara ya kwanza ulikuwa umeanza kuchipuza nyasi pembezoni.

Alimsalimu, akaketi chini, akasema haja yake. Kuka alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba amezeeka mno kubadili alilokwisha kusema: mkono wake hautagusa ngozi. "Lakini kinywa," akaendelea, "mimi sikukiwekea mwiko kamwe."

Kwa majuma mawili alimfundisha kwa kinywa. Asubuhi ilikuwa ndogo, adhuhuri ya kati, jioni kubwa. Mzee alishangaa kuona jinsi ambavyo hakuwa na mengi ya kumfundisha. Alilobakiza ni yale ambayo duara la watoto halikuwahi kufikishiwa, yaani mapigo ya kumzika mzee, ambayo huwa mazito na yenye kimya kirefu, na mapigo ya kumwita kiongozi aliyepotea wimbo. Alikosolewa hadi akachoka. Kuna siku aliyokasirika, akamwambia Kuka kwamba ni ajabu kumpa mtu maneno yote ya lugha na kumkataza kuizungumza. Kukhu, aliyekuwa akichambua maharagwe, aliacha kuchambua. Kuka hakujibu. Jioni ile alimfundisha muda mrefu kuliko kawaida.

Siku ya kuagana alimwambia, "Sikukupa ngoma. Nimekupa maneno yake." Mjukuu alimshukuru, akaondoka akiwa na furaha na uchungu kwa kiasi kilekile. Wavulana wa shule yake walijifunza duarani, kwa mdomo kwanza, kama desturi. Hawakushinda mwaka ule, lakini walipiga pamoja.

Kuka aliaga dunia mwaka 2013. Watu walikuja wengi kuliko ilivyotarajiwa, wengine wakiwa na mvi, wote wakisema walifagia pale. Usiku wa matanga ngoma tatu zilitolewa ndani. Kwa heshima ya marehemu hata ami hakupinga. Binamu watatu walizichukua. Ndogo na kubwa zilikwenda vizuri, kwani walizizoea tangu utoto. Ya kati ilimshinda aliyeipewa. Hakuwa ameishika kwa zaidi ya miaka kumi, na mapigo ya kumzika mzee hakuwahi kufundishwa. Ngoma zilianza, zikayumba, zikanyamaza. Zilianza tena, zikanyamaza. Wazee walitazamana. Katika kimya kile kilichofuata, ilidhihirika kwa kila mtu kwamba mzee aliyewazika wenzake wote kwa ngoma huenda akazikwa bila ngoma.

Mjukuu alitoka katika safu ya wanawake. Hakwenda kuishika ngoma ile, ijapokuwa usiku ule pengine hakuna ambaye angemkataza. Alikwenda akasimama nyuma ya binamu yake, akaukaribia mdomo wake na sikio lake, akaanza kumsemea: kuti-kuti, kimya, kuti, kimya kirefu, kuti-kuti. Binamu alisikiliza kidogo, kisha mikono ikafuata. Ndogo ikaingia. Kubwa ikasema ndu pale ilipopaswa kusema. Safu zikainuka. Alisimama pale hadi jogoo wa kwanza, akimtia maneno sikioni, na koo lake lilipokauka Kukhu alimletea maji, akamshikia kibuyu anywe ili asikatize.

Asubuhi watu walimsifu sana binamu. Naye, kwa haki yake, alijaribu kueleza, lakini matangani hakuna anayesikiliza maelezo.

Mwezi wa Novemba mwaka 2014, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliiingiza isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika unaohitaji kuhifadhiwa kwa dharura, orodha ambayo tangu mwaka 2009 ilikuwa na mila za kaya za Wamijikenda. Sababu zilizotolewa zilikuwa zilezile ambazo mwembe wa Kuka ulizishuhudia: wenye ujuzi ni wazee, warithi hawapo, vifaa ni haba, na hadhira imegeukia burudani nyingine. Mjukuu aliisoma habari hiyo katika chumba cha walimu. Wenzake walimpongeza kana kwamba ameshinda kitu. Alifurahi kweli, si jambo dogo jina la ngoma ya kijijini kutamkwa mbele ya mataifa. Lakini neno moja lilimsumbua siku nzima, nalo ni neno kuhifadhi. Nafaka huhifadhiwa ghalani, na maiti huhifadhiwa mochari. Uwanjani kwa Kuka hakuna kilichohifadhiwa hata siku moja. Kila kitu kilitumiwa, kikachakaa, kikarudiwa. Na hata ngoma ambazo mzee alizilinda zisiende kwa watu wengine zilinusurika usiku wa matanga yake kwa sababu maneno yake yalikuwa yamekwisha kwenda, yakarudi na basi la Kitale.

Wiki chache baadaye kifurushi kikubwa kilimfikia shuleni, kimesafirishwa kwa matatu, kimefungwa kwa leso mbili kuukuu. Ndani yake mlikuwa na ngoma ya kati. Hapakuwa na barua, kwani Kukhu hakuandika barua. Ami alipiga simu jioni hiyo, akalalamika kwamba mali ya boma imetolewa bila kikao. Mjukuu alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho, akamwuliza kama yuko mtu bomani anayeihitaji ili airudishe. Ami alikaa kimya, kisha akauliza hali ya hewa ya Trans Nzoia.

Mkanda wa ngoma ile ulikuwa umelika mahali pamoja, pale palipolalia bega la Kuka, na la baba yake kabla yake. Mjukuu hakuipiga siku ile. Aliipaka ngozi mafuta, kama alivyomwona babu akifanya, akaianika kwenye jua la asubuhi, si la adhuhuri. Jumamosi iliyofuata aliwakusanya wanafunzi nyuma ya bwalo la chakula, wavulana kwa wasichana, akawapa mafagio. Walilalamika sana.

Mwezi wa tatu walipoketi duara, msichana mmoja wa kidato cha kwanza alinyosha mkono akauliza kama ni kweli kwamba wasichana hawapigi ngoma hii. Mwalimu alikuwa amelingojea swali hilo tangu siku ya mto, na alikuwa ametayarisha jibu refu lenye hoja zote alizozificha utotoni. Alipofungua kinywa, jibu hilo halikuja. Aliiinua ngoma ya kati, akaupitisha mkanda begani mwa msichana, akaukaza kidogo kwa kuwa bega lilikuwa dogo.

"Iseme kwanza," akamwambia.

Na msichana akaisema.